Kona Kali, Kona Butu: Mwongozo wa Kucheza Pembeni katika Hex

Mchezaji mgeni wa Hex hukodolea macho katikati ya ubao. Anagombea chumba cha kati, anajenga mnyororo wa kupendeza, anashuka nao hadi chumba kimoja tu kabla ya ukingo wake, halafu mpinzani anaanza kumtembeza pembeni, kete kwa kete, mpaka kwenye kona. Akifika kule hakuna cha kumpokea. Anashindwa, na anabaki akitafuta kosa lake katika zamu tatu za mwisho, wakati kosa lilifanyika mapema sana, pale alipoiacha kona ile tupu. Mwongozo huu unahusu kona hizo: ipi uiwahi, ipi isubiri, uweke kete chumba gani hasa, na ujibu nini ukiingiliwa.

Andaa ubao

Hex huchezwa kwenye ubao wa vyumba vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Ubao uliozoeleka una vyumba 11 kwa 11, jumla 121, na umbo lake ni msambamba ulioinama upande mmoja. Nyekundu anamiliki ukingo wa juu na wa chini. Bluu anamiliki wa kushoto na wa kulia. Kila mmoja kwa zamu yake anaweka kete moja kwenye chumba chochote kitupu. Kete ikishawekwa haisogezwi wala hailiwi. Wa kwanza kuunganisha kingo zake mbili kwa mnyororo usiokatika ndiye mshindi. Sare haipo kabisa: hata ubao ukijaa, lazima mmoja wenu atakuwa ameunganisha.

Aliyeubuni ni Piet Hein wa Denmark, na gazeti la Politiken la Copenhagen liliutambulisha kwa wasomaji tarehe 26 Desemba 1942 kwa jina la Polygon. Wadenmaki waliucheza kwa penseli, kwenye karatasi zilizochapwa ubao. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, John Nash, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, aliubuni upya kivyake akiwa mwanafunzi Princeton, Marekani. Kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuuza mwaka 1952 kwa jina la Hex. Kwako wewe, historia hiyo ina maana moja: huna haja ya kununua kitu. Chora ubao kwenye karatasi, toa nakala, na mkiwa na vizibo vya soda vya rangi mbili mambo yameiva.

Chora hivi. Mstari wa 1 uko juu, una vyumba 11 vilivyopewa herufi a hadi k kutoka kushoto. Mstari wa 2 uuanze nusu chumba upande wa kulia chini ya wa kwanza, wa 3 nusu nyingine, na kuendelea hadi mstari wa 11. Kwa hiyo chumba cha kwanza juu kushoto ni a1, cha mwisho chini kulia ni k11, na cha katikati ni f6. Weka karatasi hiyo mbele yako sasa, maana kuanzia hapa nitataja vyumba kwa majina, na bila ubao utapotea.

Kona nne, aina mbili

Hesabu majirani wa a1. Wako wawili tu, b1 na a2. Nenda k11, ni vilevile: j11 na k10. Hizo ni kona kali, kwa maana ileile ya pembe kali tuliyofundishwa kwenye somo la maumbo. Sasa hesabu majirani wa k1: j1, j2 na k2. Na wa a11: a10, b10 na b11. Watatu watatu. Hizo ni kona butu.

Tofauti ya jirani mmoja inaonekana ndogo, lakini inabadilisha ubao mzima. Toka f6 kuelekea kona butu ya a11: unapita e7, d8, c9, b10, na kila chumba kimegusana na kinachofuata. Toka f6 kuelekea kona kali ya a1: unapita e5, d4, c3, b2, na hapo hakuna vyumba viwili vinavyogusana. Kati ya f6 na e5 kuna uwazi wa vyumba viwili, e6 na f5. Hilo ndilo daraja: mpinzani akiingia kimoja, wewe unaingia cha pili na umeunganika. Daraja ni imara, lakini bado linakuonyesha kwamba kona kali ziko mbali na katikati kuliko kona butu. Kete iliyowekwa kona butu inaongea na katikati. Iliyowekwa kona kali inakaa kivyake, ikingojea kazi maalumu.

Jambo la pili ambalo wengi hawaliwazi: kila kona ni mpaka. Pale k11 ukingo wa chini wa Nyekundu unakutana na ukingo wa kulia wa Bluu. Hakuna kona ya mtu mmoja. Kete yako iliyo karibu na kona inakusaidia wewe kushika ukingo wako, na hapohapo inamsumbua mwenzako anayetaka kushika wake. Ukiona kete ya pembeni inafanya kazi moja tu kati ya hizo mbili, iangalie tena. Huenda kuna chumba bora zaidi jirani yake.

Usikalie ncha

Kabla ya kusema ucheze wapi, niseme usicheze wapi. Ncha yenyewe ya kona kali, yaani a1 au k11, ni chumba kibovu kuliko vyote vya kuanzia. Tuseme Nyekundu ameanza na a1. Bluu akiweka a2, kete ya a1 imebaki na jirani mmoja, b1, na b1 yenyewe tayari iko kwenye ukingo wa juu. Anayefika b1 ameshafika juu. A1 haimwongezei chochote. Kete imekufa papo hapo. Mwanahisabati Anatole Beck alithibitisha, katika kitabu cha Excursions into Mathematics kilichotoka mwaka 1969, kwamba anayefungua mchezo kwa ncha ya kona kali ameshampa mwenzake ushindi, maadamu mwenzake hatakosea.

Uthibitisho huo unavutia kwa sababu Nash naye alithibitisha kinyume chake kwa ubao mzima: anayeanza, akicheza vizuri kabisa, daima anaweza kushinda. Hakusema ashinde vipi. Ndiyo maana wachezaji makini hutumia kanuni ya kubadilishana: baada ya kete ya kwanza, wa pili ana hiari ya kuichukua iwe yake. Ukianza na f6 utanyang'anywa. Kwa hiyo hatua ya kufungulia mchezo huwekwa pembeni, mahali ambapo si pazuri mno wala si pabaya mno, na vita ya kona huanza kwenye kete ya pili na ya tatu.

Kona butu iwahi

Kwenye zamu za mwanzo, ukiwa huna shambulio la haraka, angalia vyumba viwili: d8 na h4. Cha kwanza ni cha nne kutoka ukingo wa kushoto na cha nne kutoka ukingo wa chini. Cha pili ni hivyohivyo kwa juu na kulia. Vyote viwili viko kwenye ulalo mfupi, ule mstari unaotoka a11 hadi k1 ukipita f6.

Uzuri wa d8 ni kwamba kinawafaa wote wawili kwa kiasi kilekile. Nyekundu akikichukua, amejisogeza karibu na ukingo wake wa chini na amemwekea Bluu kizuizi upande wa kushoto. Bluu akikichukua, mambo yanageuka vivyo hivyo. Chumba cha namna hiyo kina thamani mara mbili: unapata chako na unamnyima mwenzako chake. Vyumba vya kona kali havina sifa hiyo mapema hivi, kwa sababu viko mbali na mapambano ya katikati.

Ila usilewe. Kete ya mstari wa nne kutoka ukingoni haijafungwa na ukingo kwa nguvu ile ya mstari wa tatu. Mpinzani akiisogelea kutoka chini, itabidi ujibu, na mara nyingi utajibu zaidi ya mara moja. Ichukulie d8 kama nguzo, halafu ukipata nafasi ya kuongeza kete inayotishia kitu kingine na wakati huohuo kuishusha chini, ongeza. Ninavyoona mimi, mchezaji wa kati hupoteza mechi nyingi kwa kuiamini d8 kupita kiasi kuliko kwa kutoicheza.

Ngazi, na sababu ya kona kuwa na thamani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Fikiria Nyekundu ameshuka kutoka juu hadi e10, chumba kimoja kabla ya ukingo wa chini. Bluu tayari ana d11. Nyekundu anatishia e11, kwa hiyo Bluu anaziba e11. Nyekundu anaenda f10, anatishia f11; Bluu anaziba f11. Kisha g10, g11. Kisha h10, h11. Mwendo huu unaitwa ngazi. Mshambuliaji anatembea mstari wa pili kutoka ukingoni, mlinzi anatembea mstari wa kwanza chini yake, na hakuna anayeweza kusimama bila kupata hasara.

Acha iendelee hadi mwisho: i10, i11, j10, j11, k10, k11. Nyekundu amefika ukingo wa kulia, ambao si wake. Bluu ana mstari mzima kutoka d11 hadi k11, umeunganika na ukingo wake wa kulia. Nyekundu ameweka kete saba kwenye mstari wa pili na hajapata kitu, tena amemjengea mwenzake ukuta bure.

Sasa irudie ngazi ileile, ila kabla haijaanza weka kete moja nyekundu kwenye j9. Cheza hadi h10 na h11. Nyekundu anaweka i10, ambayo imegusana na h10 na pia imegusana na j9, na inatishia i11. Bluu anaziba i11. Nyekundu anaruka hadi k10. Angalia: k10 na j9 zimeunganishwa kwa daraja la k9 na j10, na k10 ina njia mbili za kushuka, j11 na k11. Bluu ana zamu moja tu. Mechi imekwisha, na kete iliyoshinda ni ile ya j9 iliyokuwa imekaa kimya kwenye kona.

Kete hiyo ndiyo ninayoiita kete ya kupokelea. Kona ina thamani kwa sababu ndiko ngazi zote zinakoishia, na ngazi hutokea karibu kila mechi ya watu wawili wanaolingana. Nyekundu akitembea ukingo wa chini kwenda kulia ataishia kona kali ya k11. Akienda kushoto, kona butu ya a11. Ukingo wa juu, kushoto ni kona kali ya a1, kulia ni kona butu ya k1. Bluu naye anapanda na kushuka kwenye safu za b na j akielekea kona zilezile.

Chumba gani hasa

Kete ya j9 haina bahati wala uchawi; ina vyumba vinane vitupu vinavyoilinda. Vizungushie duara kwenye karatasi yako: k9, i10, j10, k10, h11, i11, j11, k11. Ukivijumlisha na j9 yenyewe unapata umbo pana chini na jembamba juu, vyumba viwili, vitatu, vinne. Maadamu vinane hivyo ni vitupu, j9 imeshafika ukingo wa chini hata kama Bluu ndiye mwenye zamu.

Jibu lako likariri hivi. Bluu akiingia i10, h11 au i11, weka k10. Akiingia k9, j10, k10, j11 au k11, weka i10. Jaribu vyote vinane kimoja baada ya kingine uone mwenyewe. Haichukui muda, na ukishamaliza hutakuwa na haja ya kufikiri tena ukiwa mechini. Umbo hilohilo linafanya kazi popote kwenye mstari wa tatu penye nafasi, na kwa ngazi ya mstari wa pili linapokea kutoka kushoto na kutoka kulia pia.

Kinachotofautiana ni nafasi kwenye kona. Kwenye kona kali mistari inapanuka kuelekea ncha kadiri unavyoshuka, kwa hiyo umbo lote linaingia vizuri hadi ukutani. Hata k9, chumba kinachogusa ukingo wa Bluu kabisa, kinashuka salama kwa kutumia eneo lilelile: Bluu akiziba upande mmoja unaweka k10, akiziba mwingine unaweka i10. Kona butu ni kinyume. Pale a11 mistari inabanwa kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kete yako lazima iwe ndani zaidi. Chumba kinachofaa ni c9, kikilindwa na d9, b10, c10, d10, a11, b11, c11, d11. Hapo Bluu akigusa b10, a11 au b11, jibu d10. Akigusa vingine vyote, jibu b10.

Ukijisogeza chumba kimoja tu kushoto, ukaweka b9, umeshaharibu. Bluu anaweka b10 na huna pa kupita: a10 inakupa tishio moja la a11, analiziba, basi. Wengi hukosea hapa kwa sababu b9 inaonekana iko karibu zaidi na kona na kwa hiyo ni salama zaidi. Kwenye kona butu, karibu si salama.

Mfano wa ngazi ya kushoto: Nyekundu yuko e10, Bluu tayari ana e11 na ameziba d11. Nyekundu anaweka d10, anatishia c11, na d10 imeungana na c9 kwa daraja la d9 na c10. Bluu anaziba c11. Nyekundu anaweka b10, na Bluu hawezi kuziba a11 na b11 kwa pamoja.

Kwa Bluu hesabu ni hizohizo zikigeuzwa: badilisha nafasi ya herufi na namba. Chumba cha Nyekundu j9, yaani safu ya kumi na mstari wa tisa, kwa Bluu kinakuwa safu ya tisa na mstari wa kumi, ambacho ni i10. Angalia ubao: i10 na j9 ni majirani wanaogusana. Kona ya k11 ina nafasi ya mpokezi mmoja tu, na aliyetangulia kwa kiasi kikubwa amemfungia mwenzake. Kete ya j9 inaziba pia njia ya Bluu anayeshuka na ngazi kwenye safu ya j, maana imekaa katikati ya barabara yake. Hizo ndizo kazi mbili nilizozisema mwanzo.

Tahadhari moja: yote haya ni kwa ngazi ya mstari wa pili. Ngazi ikienda mstari wa tatu, mlinzi akiwa wa pili, usidhani mpokezi wa ngazi ya mstari wa pili atatosha. Ihesabu upya kwenye ubao.

Lini uiweke

Swali gumu ni la wakati. Ukiiweka j9 kwenye zamu ya pili, umechezea pembeni mbali na vita na mpinzani atakushukuru kwa kuchukua d8 au f6. Ukiiweka baada ya ngazi kuanza, ameshapata zamu ya bure: badala ya kuziba chini yako, anaweka kete mbele ya ngazi na barabara imefungwa.

Njia nzuri ni kuiweka kete ya kupokelea wakati inatishia kitu kingine. Tuseme una kundi la pili upande wa kulia, limeungana na ukingo wa juu lakini halijafika chini. Weka kete ya kupokelea mahali panapotishia kuungana na kundi hilo. Mpinzani hana budi kukata, na akishakata, zamu ni yako, mpokezi yuko tayari, na ngazi upande wa kushoto sasa ina pa kwenda. Hatua moja, matishio mawili. Wachezaji wazuri hutumia muda wao mwingi wa kufikiri wakitafuta hatua ya aina hii, na nashauri nawe ufanye hivyo kabla ya kuanza ngazi yoyote.

Ukiwa huna hatua hiyo, iache ngazi. Usitembee hata vyumba viwili "kuona itakuwaje." Kila hatua ya ngazi inampa mlinzi kete kwenye ukingo na inaisogeza barabara karibu na kona, ambako nafasi ya kuweka mpokezi inapungua. Ngazi isiyochezwa ni akiba. Iliyochezwa bila mpokezi imetumika.

Na kabla hujaanza, fuata mstari wa pili kwa kidole kutoka kichwa cha ngazi hadi kwa mpokezi. Kukiwa na kete moja ya mpinzani katikati, hata kama ilikuwa imesahaulika, mpokezi wako hana maana mpaka upate njia ya kuizunguka.

Ukiwa mlinzi

Mlinzi ana silaha zake. Kwanza, mnyime mshambuliaji uchaguzi wa upande. Unapoziba mnyororo unaoshuka, chagua kizuizi kitakachoisukuma ngazi kuelekea kona ambayo wewe una kete, au angalau ambayo yeye hana.

Pili, ingilia eneo la mpokezi kabla ngazi haijafika, lakini kwa hatua yenye faida kwako. Chukua j9 ileile. Bluu akiweka i10, Nyekundu atajibu k10 na bado ameungana na ukingo wa chini. Umepoteza kitu? Hapana: kete yako ya i10 sasa imekaa kwenye barabara ya ngazi, na zamu imerudi kwako. Nyekundu akitokea kushoto hadi h10 bado anaweza kupenya kwa i9, kwa hiyo kazi haijaisha, ila umempunguzia njia kutoka mbili hadi moja, na hiyo moja unaweza kuiziba kwa kete inayofanya kazi nyingine pia. Nyekundu anayefurahi haraka kwamba "kona bado ni yangu" hushtukia imekatwa na mnyororo wake.

Tatu, usizibe kwa kugusa. Mgeni huweka kete ya kuzuia jirani kabisa na kete inayoshuka, na mshambuliaji anaizunguka kirahisi. Kaa mbali kidogo, vyumba viwili au vitatu mbele, upande ambao kona ni dhaifu kwake.

Michezo mingine, kona nyingine

Ukihamia kwenye ndugu wa Hex, usibebe sheria hizi bila kuzikagua. Mchezo wa Y una ubao wa pembetatu, na kila mchezaji anataka kuunganisha pande zote tatu kwa mnyororo mmoja. Chumba cha kona kinahesabiwa kuwa cha pande mbili kwa pamoja, jambo linaloonekana kama zawadi. Lakini kona iko mbali na upande wa tatu, na kwenye ubao wa pembetatu wa kawaida katikati ina nguvu kupita kiasi. Ubao wa Y unaouzwa siku hizi, wenye vituo 93, umepindwa kwa makusudi kupunguza nguvu hiyo ya katikati.

Havannah ya Mholanzi Christian Freeling ni habari tofauti kabisa. Ubao wake una pande sita na kona sita, na kuna njia tatu za kushinda: kuzungusha pete, kuunganisha kona mbili zozote, au kuunganisha pande tatu. Hapa ncha ya kona, ambayo kwenye Hex nimekukataza kuikalia, ni shabaha yenyewe. Na kuna mtego: chumba cha kona hakihesabiwi kuwa sehemu ya upande wowote. Mchezaji anayehesabu pande tatu huku mmoja wapo akiwa ameugusa kwenye ncha ya kona tu, amehesabu vibaya. Kwenye ubao wa vyumba 10 kwa kila upande, jumla 271, ninaona tishio la kuunganisha kona mbili jirani lina faida zaidi kama fimbo ya kumlazimisha mwenzako ajibu, wakati wewe unajenga pande tatu. Freeling aliamini kompyuta zingeshindwa na mchezo wake. Mwaka 2002 aliahidi yuro 1,000 kwa programu itakayomfunga hata mara moja katika michezo kumi ndani ya miaka kumi. Mwaka 2012 alifungwa.

Mazoezi

Usianze na mechi nzima. Weka kete nyekundu kwenye e10 na j9, na ya bluu kwenye d11 na e11, mwambie mwenzako acheze Bluu, na zamu iwe ya kwako. Maliza ngazi. Kisha badilishaneni rangi. Baadaye iondoe j9, weka k9, mrudie tena. Kisha hamia kona butu na c9, na mwisho jaribuni b9 ili kila mmoja aone kwa macho yake inavyovunjika. Baada ya hapo chezeni mechi kamili, kwa sharti moja: hakuna anayeruhusiwa kuanza ngazi kabla ya kumwonyesha mwenzake kwa kidole chumba atakachopokelewa. Asiyeweza kukionyesha, acheze kwingine.